Hesabu Isiyopita Kwenye Mizani
Jinsi wataalamu wa anthropolojia wanavyochunguza uchumi wa watu mbalimbali

Katika daftari la kila chama cha msingi zimo safu za jina la mwanachama, tarehe, uzito wa mazao na malipo. Safu hizo ni za lazima, nazo ndizo nguzo ya uaminifu wa ushirika. Hata hivyo, katibu aliyekaa kazini miaka mingi hukutana na mambo ambayo daftari haliyaelezi. Mwanachama aliyeleta magunia kumi ya viazi msimu mmoja huleta matatu msimu unaofuata, ingawa mvua ilikuwa njema. Mwingine hukopa mbolea na kuahidi kwa moyo safi, kisha huuza mazao yake kwa mchuuzi kabla gari la chama halijafika. Aghalabu watu kama hao huitwa wavivu au wakaidi.

Ipo elimu ambayo kazi yake ni kutafuta sababu kabla hukumu ya namna hiyo haijatolewa. Elimu hiyo huitwa anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na maisha yake katika jamii, na tawi lake moja hushughulikia uchumi. Makala hii inaeleza jinsi tawi hilo linavyofanya kazi, lilichofunua katika milima ya Usambara na kwingineko, na faida ambayo chama chaweza kuipata kwalo.

ASILI YA ELIMU HII

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mpolandi mmoja aliyesomea London, Bronislaw Malinowski, alikaa katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Papua New Guinea. Alipiga hema kijijini, akajifunza lugha ya wenyeji, akaandika kila siku aliyoyaona. Kitabu chake cha mwaka 1922 kilieleza jambo lililowashangaza wasomi wa Ulaya. Watu wa visiwa vile walisafiri baharini kwa mitumbwi, safari za hatari, ili kupeana mikufu na bangili za kombe. Mikufu ilizunguka kutoka kisiwa hadi kisiwa kwa upande mmoja, na bangili kwa upande wa pili. Aliyeipokea hakuiweka daima, bali aliipitisha mbele, na kwa kufanya hivyo alijipatia heshima na rafiki wa kutegemewa ng'ambo ya bahari. Katika safari hizo hizo watu walibadilishana pia vyakula na vyombo, kwa kupatana bei.

Kadhalika Malinowski aliona kwamba mkulima wa viazi vikuu alipeleka sehemu kubwa ya mavuno yake kwa mume wa dada yake. Mgeni aliyepima ghala la mkulima huyo peke yake angemhesabu kuwa maskini, kumbe sehemu ya jasho lake ilikuwa katika ghala la shemeji, naye kwa upande wake alipokea kutoka kwa ndugu wa mkewe.

Kutokana na uchunguzi kama huo wasomi walizidi kuuliza namna mali inavyopita kutoka mkono hadi mkono. Karl Polanyi, aliyeandika mwaka 1944, alitaja njia tatu zilizo kuu. Ya kwanza ni kupeana na kurudishiana, kama wafanyavyo ndugu na majirani. Ya pili ni kukusanya mahali pamoja na kugawa, kama ilivyokuwa kwa wafalme waliopokea kodi ya mazao. Ya tatu ni soko. Wengine walipinga, wakasema kwamba mtu popote alipo hupima faida na hasara kabla ya kutenda. Mabishano hayo yalichukua miaka mingi. Kwa mtu wa ushirika inatosha kujua kwamba njia zote tatu hukutana katika nyumba moja, na mara nyingi katika siku moja.

KAZI YENYEWE HUFANYWAJE

Mtaalamu wa elimu hii akifika Rangwi, haanzi kwa kuuliza bei ya viazi. Kwanza hujifunza Kishambaa, kwa sababu mambo ya deni, urithi na shamba la kuazima husemwa kwa maneno yasiyofasirika kwa urahisi. Hukaa mwaka mzima au zaidi, ili aone majira ya mvua na ya kiangazi, miezi ya shibe na miezi ya njaa. Huhesabu kaya, huandika nani amezaliwa na nani na nani ameoa wapi. Hupima mashamba kwa hatua au kwa kamba, akiuliza kila kipande ni cha nani, kinalimwa na nani, na mavuno yake yanakwenda wapi.

Baadaye huandika kazi za kila siku za watu wachache aliowachagua: saa ngapi shambani, ngapi kutafuta kuni, ngapi msibani. Hupima chakula kabla hakijapikwa. Mwishowe huufuata mzigo wa kabichi au viazi kutoka shambani hadi barabarani, kutoka hapo hadi gulio la Lukozi, na hatimaye sokoni mjini, akiandika nani amechukua nini kila mahali ulipopita. Yote hayo huyalinganisha na maneno ya watu wenyewe, maana asemalo mtu na atendalo havilingani sikuzote, na tofauti hiyo nayo ina maana.

Bibi Audrey Richards alifanya uchunguzi wa namna hii kwa Wabemba wa Zambia, nchi iliyoitwa wakati huo Rodesia ya Kaskazini. Katika kitabu chake cha mwaka 1939 aliweka kumbukumbu za kazi na vyakula vya kila siku katika vijiji. Watawala walikuwa wakilalamika kwamba watu hawafanyi kazi kwa bidii. Richards alionyesha kwamba katika miezi ya kabla ya mavuno chakula kilikuwa kimepungua ghalani, na mtu mwenye njaa hana nguvu za kushika jembe siku nzima. Kilichoitwa uvivu kilikuwa na sababu iliyoweza kupimwa.

MLIMA, NYIKA NA MATUTA

Milima ya Usambara imechunguzwa kwa kina na Steven Feierman, mtaalamu wa historia aliyesomea pia anthropolojia. Katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, alieleza kwa nini watu wa zamani walipenda kujenga vijiji karibu na ukingo wa milima. Mahali hapo paliwawezesha kulima mlimani, penye ubaridi na migomba, na pia kuteremka kulima nyika, penye joto na mvua chache. Mwaka ambao zao la huku lilikosa, la kule huenda likapona. Mpimaji anayetazama shamba moja tu ataona vipande vidogo vilivyotawanyika na mwendo mrefu unaopoteza wakati. Anayetazama kaya nzima kwa miaka kumi ataona akiba dhidi ya njaa.

Kutotazama kaya nzima kulileta madhara makubwa wakati wa ukoloni. Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa Usambara. Wakulima waliamriwa kujenga matuta katika miteremko, na wasiotii walitozwa faini. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa na msingi, kwani udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli. Lakini mpango ulipimwa kwa urefu wa matuta, na mkono utakaoyajenga haukupimwa. Kazi ya mashamba ya chakula iliwaelemea zaidi wanawake, ambao tayari walikuwa na kuni, maji, watoto na mapishi. Tena watu wengi walilima mashamba ya kuazima. Aliyeazima alijiuliza kwa nini amalize nguvu zake katika ardhi ya mwingine, na mwenye ardhi naye alihofu kumwazima mtu shamba litakalotiwa kazi ya kudumu.

Upinzani ulienea, ukaungana na siasa za kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 Feierman alieleza kwamba wakulima walilipima jambo hilo kwa maneno yao wenyewe: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala aliyeleta mvua na shibe aliiponya nchi. Aliyeleta amri zenye kuchosha watu bila shibe aliiharibu. Maofisa waliosikia ubishi tu hawakutambua kwamba mbele yao palikuwa na hoja kamili juu ya uchumi na utawala bora.

MBOGA ZISIZONUNULIWA

Katika miaka ya 1970 Anne Fleuret na Patrick Fleuret walifanya uchunguzi wilayani Lushoto, na matokeo yakachapishwa mwaka 1979 na 1980. Patrick alitafuta vyanzo vya tofauti za mali kati ya kaya. Anne alichunguza mlo. Wilaya hii inasifika kwa kabichi, karoti na mboga nyingine zinazopelekwa mijini, lakini yeye alionyesha kwamba majani yanayochumwa porini na kandokando ya mashamba yana nafasi kubwa katika kitoweo cha Washambaa na katika afya yao. Majani kama mchunga na mnavu hayana bei ya chama wala stakabadhi. Yakihesabiwa kuwa magugu tu, mpango wa kilimo waweza kuongeza fedha ya kaya na papo hapo kupunguza chakula chake.

FEDHA NAYO HUTOFAUTIANA

Parker Shipton, aliyefanya utafiti kwa Wajaluo wa Kenya, alichapisha mwaka 1989 kitabu juu ya kile wanachokiita fedha chungu. Fedha iliyopatikana kwa kuuza ardhi ya ukoo, dhahabu, tumbaku au bangi iliaminika kuleta balaa endapo ingetumiwa kununua ng'ombe wa mahari. Kwa benki shilingi zote ni sawa. Kwa mzee wa ukoo, shilingi ina kumbukumbu ya ilikotoka.

Polly Hill naye, katika kitabu cha mwaka 1963, aliwachunguza wakulima wa kakao wa kusini mwa Ghana. Ilidhaniwa kwamba walikuwa watu wa mashamba madogo waliopanda kakao karibu na nyumba zao bila mpango mkubwa. Hill alikuta kwamba tangu miaka ya 1890 wengi walihama kwenda kununua misitu, wakitumia faida ya shamba la kwanza kununulia la pili. Baadhi waliungana katika vikundi walivyoviita kampuni, wakanunua ardhi kwa pamoja, na kila mmoja akapata ukanda kwa kadiri ya mchango wake. Huo ulikuwa ushirika uliojengwa na wakulima wenyewe.

CHAMA KINUFAIKE VIPI

Katibu hatakiwi kuwa mtaalamu wa anthropolojia. Anaweza, hata hivyo, kuazima maswali yake. Jina lililo daftarini ni la mume. Je, jembe ni la nani, na malipo yanamfikia? Shamba lililoandikiwa mkopo wa mbolea ni la mwanachama au la kuazima? Ada ya shule, maradhi na misiba huangukia mwezi gani, na malipo ya chama huja mwezi gani? Huko Kagera wakulima wa kahawa wamejua kwa muda mrefu biashara ya butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini kwa sababu ya dhiki. Mchuuzi wa namna hiyo hulipa bei ndogo, lakini hulipa siku ile shida inapobisha mlango. Chama kinachotaka kumshinda kitazame kwanza kalenda ya shida za wanachama wake.

Maswali kama haya yaulizwe kwa adabu, na majibu yatunzwe kama amana, maana mambo ya nyumba ya mtu si ya kutangazwa mkutanoni. Kamati itakayokaa na wanachama wachache, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wenye mashamba na wanaoazima, na kuandika mwaka wao mmoja tangu kupanda hadi kuuza, itapata maarifa ambayo mizani haiwezi kuyatoa. Matuta ya Usambara yaliachwa baada ya faini na ugomvi wa miaka mingi. Gharama ya kuuliza mapema ingalikuwa ndogo zaidi.