Injini Igongapo: Kulisikiliza Gari Kuukuu na Bomba Lake la Moshi

Peugeot 504 iliyobeba abiria watano na mizigo yao yaanza kuupanda mlima wa Kitonga, katika barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa. Ni adhuhuri, na jua ni kali. Kabla haijafika nusu ya mlima, hutokea mbele sauti kavu ya kugongagonga, mithili ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Dereva apunguzapo mafuta, sauti hunyamaza. Akanyagapo tena, hurudi. Abiria mmoja asema ni valvu. Mwingine asema beringi zimekwisha. Fundi wa kwanza atakayeulizwa mjini huenda akashauri injini yote ifunguliwe, ushauri ambao una gharama kuliko mwingine wowote, na ambao kwa dalili hizi aghalabu hauhitajiwi.

Yafaa kwanza ieleweke kinachogonga ni nini. Katika injini ya petroli, plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika kileleni, kwa kuwa mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki wote kwa mara moja. Moto huanzia penye plagi na kusambaa kama moto wa nyika, nao huisukuma pistoni kwa ulaini. Lakini ile sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi hukandamizwa na kupashwa joto na moto unaoijia. Joto na kanieneo vikizidi kiasi, sehemu hiyo hulipuka yenyewe, yote pamoja, kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo huzusha mawimbi yanayozipiga kuta za silinda mara elfu kadhaa kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti isikiwayo. Hakuna chuma kilichogongana na chuma. Hata hivyo, mawimbi hayo huufagia utando mwembamba wa gesi unaoikinga pistoni na joto, na hali hiyo ikiendelea kwa safari ndefu pistoni huweza kutoboka.

Kwa hiyo sikio ndilo chombo cha kwanza cha uchunguzi. Sauti ya mlipuko huja wakati injini imeelemewa: mlimani, katika gia kubwa, kwa mwendo mdogo. Sauti ya tapeti zilizolegea ni nyepesi, hufuatana kwa mpangilio kama cherehani, na husikika hata gari likiwa limesimama. Beringi ya konrodi iliyokwisha hutoa mgongo mzito kutoka chini ya injini. Fundi akiutilia shaka mgongo huo, huuondoa waya wa plagi moja baada ya nyingine huku injini ikinguruma, akishika kwa koleo lenye mpini wa mpira. Silinda yenye beringi mbovu ikikosa cheche, mgongo hupungua. Hapo ndipo kufungua injini kunapokuwa na haki yake.

Kuna sauti ya nne inayowadanganya hata mafundi wa miaka mingi. Gasketi iliyo kati ya silinda hedi na manifoldi ya moshi ikipasuka, gesi hupenya kwa vishindo vidogo vinavyofanana mno na tapeti. Tofauti yake ni kwamba husikika zaidi asubuhi, injini ikiwa baridi, na hufifia chuma kinapopata joto na kutanuka. Alama ya masizi meusi penye kiungo humaliza ubishi. Ni tapeti ngapi zilizokazwa bure kwa sababu ya gasketi moja!

Sauti ikishatambuliwa kuwa ni ya mlipuko, yabaki kutafuta chanzo chake. Petroli hupimwa uwezo wake wa kustahimili mkandamizo kwa kipimo cha oktani, ambacho huipa isooktani namba 100 na heptani namba 0. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake, katika maabara ya kampuni ya General Motors huko Dayton, Marekani, waligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa madini ya risasi huiondolea petroli hulka ya kulipuka. Sumu ya risasi iliugharimu ulimwengu afya ya watoto wengi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiondoa petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliiacha mwaka 2021. Wenye magari ya zamani walihofia kwamba vikalio vya valvu vingelika kwa kukosa risasi. Hofu hiyo ina msingi kwa injini ambazo vikalio vyake vimechongwa katika chuma laini cha silinda hedi yenyewe, hasa zikiendeshwa kwa kasi kubwa. Hedi ya alumini, kama ile ya 504, hutiwa vikalio vya chuma kigumu.

Adui wa karibu zaidi ni mafuta ya taa. Yakitiwa ndani ya petroli, oktani huporomoka. Tanzania ilianza kutia alama ya siri katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya wachanganyaji itoweke. Kenya nayo ilichukua hatua ya namna hiyo mwaka 2018. Gari linaloanza kugonga ghafla, siku ile ile lilipojazwa mafuta, lapaswa kuchunguzwa tangi kabla ya kitu kingine.

Chanzo cha pili ni cheche inayotoka mapema mno. Ndani ya distributa mna vyuma vidogo vinavyoiwahisha cheche kadiri mwendo unavyoongezeka, navyo huzuiwa na springi. Springi zikilegea kwa uzee, cheche huwahi kupita kiasi. Mwinuko wa nchi nao una neno lake. Gari lililowekwa taimingi Nairobi, yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupumua hewa hafifu na huvumilia cheche ya mapema. Likiteremka Mombasa, penye hewa nzito na joto, huanza kugonga ingawa hakuna kilichoharibika.

Hapa ndipo kosa la gereji nyingi linapotokea. Ili kuinyamazisha injini, distributa huzungushwa mpaka cheche ichelewe mno. Kelele hukoma na mteja hulipa kwa furaha. Lakini mchanganyiko sasa humalizia kuwaka valvu ya moshi ikiwa imekwisha funguka. Gari hukosa nguvu, hula mafuta, manifoldi huwa nyekundu usiku, na valvu huungua. Gasketi ya moshi hupasuka, na maradhi yaliyokuwa ya silinda yahamia katika bomba.

Na bomba linalovuja si suala la kelele tu. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zipatazo mara 200 kuliko oksijeni. Huingia kupitia matundu ya sakafu iliyoliwa na kutu. Vilevile huvutwa ndani na hewa inayozunguka nyuma ya gari wakati buti limefungwa kwa kamba likiwa wazi kwa sababu ya mzigo, desturi iliyoenea mno. Watoto waliolala kiti cha nyuma hudhaniwa wamechoka na safari. Kuumwa kichwa na kichefuchefu hudhaniwa ni kona za barabara. Gari lenye dalili hizo lisimamishwe mara moja na abiria wote washuke penye hewa safi.

Kwa gari lile la Kitonga, basi, kazi huanza kwa kupoza injini na kutazama kama kuna masizi penye manifoldi. Petroli hutolewa kidogo katika chupa na kunuswa. Kisha taimingi hupimwa kwa taa yake kwa mwendo mdogo na mkubwa, na springi za distributa hubadilishwa endapo cheche yakimbia. Silinda hedi haiguswi bado. Sakafu chini ya zulia la nyuma huchunguzwa siku hiyo hiyo, kwa tochi.