Je, Wajua? Panadol na Ini la Mtoto

Ukiingia duka la dawa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ukasema mtoto ana homa, ni nadra kutoka bila parasetamo. Ndiyo ile ile tunayoiita panadol, hata chupa ikiwa na jina jingine.

Kwa kipimo sahihi ni dawa salama. Ini hubadilisha sehemu ndogo yake kuwa sumu, kisha huizima kwa akiba yake ya kinga. Dozi ikizidi, akiba huisha na sumu hula ini lenyewe. Mtoto asiyekula siku kadhaa, au mwenye utapiamlo, ana akiba haba.

Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 mwisho wake ni miligramu 150 kwa mara moja. Kidonge kimoja cha mkubwa kina 500! Na kijiko cha kulia wali si kipimo: mililita 5 za dawa ya maji huwa na miligramu 120 au zaidi, kutegemea chupa. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo ndani, kwa hiyo ukichanganya unarudia dozi.

Siku ya kwanza baada ya dozi kuzidi, mtoto aweza kuonekana mzima kabisa. Kiuasumu kipo, kiitwacho asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8. Ukishuku amezidishiwa, beba chupa, mkimbize hospitali. Usingoje macho yawe ya njano.