Kipande cha Ngozi na Maswali Yanayojibiwa Maabara

Mwaka 2015, mtoto wa kiume wa miaka 7 kutoka familia ya wakimbizi wa Syria alilazwa katika hospitali moja ya Bochum, Ujerumani, ngozi ikiwa imemtoka sehemu kubwa ya mwili. Alizaliwa na hitilafu katika jeni ya LAMB3, ambayo husaidia kuishikiza ngozi ya juu kwenye ya ndani. Mtu mwenye maradhi haya, msuguano mdogo tu humtoa malengelenge.

Watafiti wa Modena, Italia, wakiongozwa na Michele De Luca, walichukua kwenye kinena chake kipande cha ngozi isiyo na malengelenge, cha sentimita za mraba 4. Walizitenganisha seli, wakatumia kirusi kuziingizia jeni isiyo na hitilafu, kisha wakazikuza hadi zikatosha kufunika takribani asilimia 80 ya mwili. Mtoto huyo alipona, akarudi shule.

Ufundi huo una historia ndefu. Seli za ngozi ya juu zilikuwa zikikataa kuzaana vizuri nje ya mwili mpaka mwaka 1975, James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walipozilaza juu ya seli za panya zilizopigwa mionzi, ambazo ziko hai lakini hazigawanyiki tena. Hapo seli za mtu hukua kwa makundi, makundi yakapanuka mpaka yakagusana na kuwa utando mmoja. Utando huo ni mwororo mno. Green na wenzake waliubandua kwa kimeng'enya na kuuhamishia kwenye shashi yenye mafuta ya mgando ndipo uwekwe juu ya jeraha.

Kwangu mimi, tunda kubwa la Bochum kwa sayansi ni jibu la swali la zamani: ni seli zipi hasa zinazoitunza ngozi yetu, ambayo hujifanya upya takribani kila mwezi? Kirusi kile huipachika jeni mahali tofauti katika kila seli, na alama hiyo hurithiwa na vizazi vyake vyote. Miezi ilivyopita, alama nyingi zilitoweka. Zilizobaki zilitoka kwa seli shina chache za kudumu. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2017.

Ngozi iliyokuzwa hutumika pia kupima kama kemikali inawasha au inaunguza, kazi ambayo kwa miongo mingi walibebeshwa sungura. Tishu hupakwa kemikali, ikasafishwa, kisha ikatiwa rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikififia, seli zimekufa. Hata hivyo, tishu hiyo haina mishipa ya damu wala tezi za jasho, na kwa kawaida haina seli za kinga. Haiwezi kueleza yote yatakayoupata mwili mzima wa mtu.

Seli nyingi za kutengenezea tishu hizo hutoka kwenye ngozi inayobaki baada ya upasuaji au tohara. Kwa kuwa ingetupwa, wapo wanaoona hakuna haja ya kumuuliza mwenyewe. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani seli hizo hubeba siri zake za urithi. Ukiombwa sampuli, uliza itatumikaje, itahifadhiwa muda gani na nani ataigusa, na usitie saini kabla hujajibiwa.