Tumbo huuma, vipimo havioni kitu: Kazi ya serotonini na dawa za kuizuia

KUNA wagonjwa ambao huzunguka kliniki moja hadi nyingine kwa miaka mingi wakilalamikia msokoto wa tumbo, gesi na kuhara. Hutibiwa amiba, kisha homa ya matumbo, kisha vidonda vya tumbo. Mwishowe huambiwa kuwa vipimo havionyeshi lolote, na jamaa zao huanza kudhani wanajisingizia ugonjwa.

Maumivu hayo ni ya kweli. Huenda mgonjwa ana hali ambayo madaktari huiita IBS. Katika hali hii utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ila neva zake huhisi mambo kupita kiasi.

Mwaka 1973 mtafiti James Ritchie wa Uingereza aliingiza kipira kidogo katika utumbo mpana wa wagonjwa na wa watu wasio na tatizo hilo, kisha akakijaza hewa. Kilipofikia mililita 60, ni asilimia 6 tu ya wasio wagonjwa waliohisi maumivu. Miongoni mwa wagonjwa, walikuwa asilimia 55.

Je, maumivu hayo husafiri vipi? Mjumbe mmoja ni kemikali iitwayo serotonini. Wengi huijua kuwa kemikali ya ubongo, lakini zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo katika njia ya chakula. Chakula au gesi inaposukuma ukuta wa utumbo, seli maalum humwaga serotonini. Nayo hushika vipokezi vilivyo kwenye ncha za neva, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Baadhi ya neva hizo huamuru utumbo usukume, na nyingine hupeleka ubongoni habari za maumivu au kichefuchefu.

Dawa za kuzuia serotonini huziba kufuli hilo bila kulifungua. Ondansetron, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, hutumiwa sana kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani. Nyingine, alosetron, ilitengenezwa kwa ajili ya IBS inayoambatana na kuhara. Hiyo hupunguza mwendo wa utumbo na kulegeza ukuta wake, hivi kwamba huweza kutanuka zaidi kabla haujauma.

Hata hivyo, kufuli hilo si la pekee. Katika utafiti wa wagonjwa 120 uliochapishwa Uingereza mwaka 2014, ondansetron ilikaza choo na kupunguza ile haraka ya kukimbilia msalani, lakini maumivu hayakupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Neva za tumbo hutumia kemikali nyingine pia.

Aidha, dawa hizi zina hatari zake. Alosetron iliidhinishwa Marekani Februari 2000, lakini ikaondolewa madukani Novemba mwaka huo huo. Baadhi ya wagonjwa walifunga choo vibaya, wengine wakapungukiwa damu katika utumbo mpana, na wengine wakafariki. Ilirudishwa mwaka 2002 kwa masharti makali, kwa wanawake wenye hali mbaya ambao matibabu mengine yameshindwa kuwasaidia.

Kwa hivyo, msomaji, usinunue dawa hizi kwa kuwa zilimfaa jirani yako. Anayefunga choo hapaswi kuzitumia kutibu tumbo lake, kwani zitamzidishia. Anayezitumia kwa agizo la daktari, akifunga choo au akianza kupata maumivu makali, aache dawa na amwone daktari mara moja.

Hata kabla ya kufikiria dawa, muone daktari upesi ukiona damu katika choo, ukikonda bila sababu, ukipungukiwa damu, ukiamshwa usiku na maumivu au kuhara, au ikiwa shida hii imeanza baada ya umri wa miaka 50. Dalili hizo huenda zikawa za ugonjwa mwingine.

Ikiwa huna dalili hizo, andika kwa wiki mbili vyakula unavyokula na siku ambazo tumbo hukusumbua, kisha umpelekee daktari orodha hiyo. Itamsaidia kujua kinacholichokoza tumbo lako.