Dartmoor: Nyika Yenye Wenyewe

Farasi wadogo wa Dartmoor si wa mwituni, ingawa watalii huwapiga picha wakidhani hivyo. Kila mmoja ana mwenyewe. Majani yanapoanza kupukutika, wafugaji huungana kuwaswaga kutoka milimani hadi mazizini. Huko hutazamwa alama za masikio na chapa, watoto huachishwa ziwa, na wengine hupelekwa mnadani. Bei mara nyingi ni ya kutupa. Anayeendelea kuwafuga ameshikilia desturi ya wazee wake, faida haipo.

Nyika hiyo iko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza: hifadhi ya kilomita za mraba 954 yenye nyasi ngumu, vinamasi vya mboji na vilima vilivyovikwa mawe ya itale, kirefu kuliko vyote kikiwa High Willhays, mita 621. Watu waliishi humo katika Enzi ya Shaba. Pale Grimspound misingi ya mviringo ya nyumba zao ingalipo ndani ya boma la mawe. Baadaye wachimba bati walijitungia sheria zao, na baraza lao kuu lilikutana peupe kwenye mawe ya Crockern Tor, mvua inyeshe isinyeshe. Bati halichimbwi tena, mifugo ipo.

Ardhi yenyewe ina wamiliki, na sehemu kubwa ni ya Duchy of Cornwall, milki ya mrithi wa kiti cha ufalme. Lakini wenye mashamba ya kandokando wana haki ya kulisha mifugo huko juu, na wengine hata ya kukata mboji ya kukokea moto. Sheria ya mwaka 1985 iliwapa baraza lao la kusimamia malisho, na papo hapo ikamruhusu mtu yeyote kupita kwa miguu au juu ya farasi.

Linalonistaajabisha zaidi ni kondoo. Kule juu, kwa sehemu kubwa, hakuna ua unaotenga kundi na kundi, lakini kila moja hukaa upande wake, kwa kuwa mama humzoesha mwanawe mahali alipozoeshwa yeye. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka mwaka 2001, baadhi ya makundi yalichinjwa. Kondoo wageni walioletwa hawakujua pa kukaa. Mchungaji alilazimika kuwarudisha kila walipopotea. Fidia hununua kondoo, mazoea ya vizazi hainunui.

Siku hizi ugomvi ni juu ya idadi ya mifugo. Watetezi wa mazingira wanasema kondoo wamezidi na wamemaliza vichaka vya maua ya zambarau. Wana hoja. Ila sehemu nyingine zimefunikwa na nyasi ndefu aina ya molinia, ambazo ng'ombe na farasi huzila zikiwa changa. Wanaotaka mifugo ipunguzwe kila mahali waseme kwanza nani atazila.