Chumba huamua mengi kwa mwanafunzi wa kigeni Uingereza

FAMILIA inayompeleka mwana kusoma Uingereza aghalabu hutumia miezi mingi kuhangaikia mambo mawili: karo na viza. Suala la mahali atakapolala huachwa hadi mwisho, kana kwamba litajitatua lenyewe ndege ikishatua. Hata hivyo, chumba ndicho humfungulia au kumfungia mgeni milango mingine mingi, kuanzia benki na zahanati hadi urafiki na utulivu wa kusoma. Mkataba mbaya wa nyumba waweza kumeza pesa ambazo wazazi waliuza shamba kuzipata.

Jiji la Leeds, kaskazini mwa England, ni mfano unaofaa. Chuo Kikuu cha Leeds, kilichopata hati yake ya kifalme mwaka wa 1904, huwapokea maelfu ya wanafunzi kutoka nchi za nje. Jina lake si geni Afrika Mashariki. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alisomea huko kati ya 1964 na 1967, kipindi ambacho aliandika riwaya yake A Grain of Wheat. Kabla yake, Wole Soyinka wa Nigeria alikuwa amepitia chuo hicho katika miaka ya 1950.

Njia tatu za kupata makao

Mwanafunzi anayekwenda Leeds huwa na njia tatu. Ya kwanza ni mabweni ya chuo chenyewe. Bweni la huko halifanani na lile la shule ya upili ya Kenya lenye vitanda vya ghorofa na masanduku ya chuma. Kila mwanafunzi hupewa chumba chake na ufunguo wake, kisha watu kadhaa hushiriki jiko moja. Kodi huwa tayari imejumuisha umeme, maji, intaneti na mfumo wa kupasha nyumba joto. Vyuo vingi huwahakikishia wageni nafasi mradi tu watume maombi kabla ya tarehe iliyowekwa. Anayechelewa hata kwa siku moja huipoteza haki hiyo.

Njia ya pili ni mabweni ya kampuni binafsi, ambayo yamejengwa kwa wingi katika miji yenye vyuo. Mengi yana vyumba vya mazoezi ya viungo na kumbi za kusomea, lakini bei yake kwa kawaida ni ya juu na mikataba yake ni mirefu. Mkataba wa chuo huweza kuwa wa majuma 44, ilhali wa kampuni ukawa wa majuma 51.

Tofauti hiyo si ndogo. Chukua mfano wa chumba cha pauni 150 kwa juma. Kwa majuma 44, mwanafunzi atalipa pauni 6,600. Kwa majuma 51, atalipa pauni 7,650. Anayesomea shahada ya uzamili, ambayo huchukua mwaka mzima, ataufaidi mkataba mrefu. Lakini wa shahada ya kwanza anayerejea nyumbani Juni atakuwa amelipia chumba kitupu.

Njia ya tatu ni kupanga nyumba pamoja na wenzake. Katika mitaa ya Hyde Park na Headingley, safu za nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta zimejaa wanafunzi. Kodi yake yaweza kuwa nafuu, ila gharama za umeme, gesi na maji mara nyingi huja kando. Isitoshe, nyumba nyingi ni kuukuu. Wapangaji wanapozima mitambo ya joto ili kuokoa pesa, unyevu hutanda na kuvu huota ukutani.

Saini yenye uzito

Mkenya aliyezoea kuhama nyumba baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja anaweza kushangaa. Mkataba wa bweni humfunga mwanafunzi kwa kipindi chote kilichoandikwa. Akiondoka Januari kwa sababu ya kelele au upweke, anaweza kuendelea kudaiwa kodi hadi mwisho wa kipindi, isipokuwa apatikane mwanafunzi mwingine wa kuchukua nafasi yake.

Nyumba za kupanga nazo zina mtego wake. Wanafunzi watano wakitia saini mkataba mmoja wa pamoja, kila mmoja huwajibikia kodi ya nyumba nzima. Mmoja akitoroka, mwenye nyumba ana haki ya kuwadai waliobaki. Ndiyo maana uteuzi wa wenza wa nyumba ni jambo la kisheria kama ulivyo la kirafiki.

Kizingiti kingine ni mdhamini. Wenye nyumba wengi hutaka mtu anayeishi na kufanya kazi Uingereza aahidi kulipa kodi endapo mpangaji atashindwa. Mwanafunzi kutoka Kisii au Kilifi asiye na jamaa huko hana wa kumtaja. Kwa miaka mingi, wageni wa aina hiyo walilazimika kulipa kodi ya miezi sita au zaidi kwa mkupuo.

Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 ililenga kukomesha desturi hiyo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ambayo sehemu zake kuu zilipangiwa kuanza kutumika Mei 1, 2026, mwenye nyumba ya kibinafsi haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza. Hata hivyo, mabweni ya vyuo, na yale ya kampuni zilizojiunga na kanuni zinazotambuliwa na serikali, hayakuwekwa chini ya utaratibu huo mpya. Mwanafunzi hana budi kujua kwanza ni nyumba ya aina gani anayoipanga.

Kuhusu amana, sheria ya mwaka wa 2019 iliweka kikomo cha kodi ya majuma matano kwa nyumba za kawaida. Aidha, ni lazima mwenye nyumba ailinde amana hiyo kupitia mojawapo ya mifuko iliyoidhinishwa, katika muda wa siku 30. Mpangaji mwerevu hupiga picha za kila doa na kila ufa siku anapoingia, kwa kuwa picha hizo ndizo zitakazomtetea siku ya kutoka.

Sheria hizi ni za England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Matapeli nao hawalali. Hutangaza mitandaoni nyumba zisizo zao, zenye picha za kuvutia na kodi ya chini kupita kiasi, kisha humhimiza mgeni atume pesa upesi kabla nafasi haijachukuliwa. Walio mbali, wasioweza kubisha hodi kuona nyumba kwa macho yao, ndio windo rahisi. Kinga bora ni kulipa kupitia chuo chenyewe, au kupata makao ya muda na kuitafuta nyumba baada ya kuwasili.

Pesa na saa za kazi

Serikali ya Uingereza hutaka mwombaji wa viza athibitishe kwamba ana pesa za kujikimu. Novemba 2025, kiwango kilipandishwa hadi pauni 1,529 kwa mwezi kwa wanaosomea London, na pauni 1,171 kwa wanaosomea kwingineko, kwa muda usiozidi miezi tisa. Kwa anayekwenda Leeds kwa kozi ya miezi tisa au zaidi, jumla ni pauni 10,539, mbali na karo. Pesa hizo lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti kwa siku 28 mfululizo. Pia kuna ada ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ilikuwa pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi.

Baadhi ya familia hudhani kijana atafanya kazi na kujilipia mengine yote. Hesabu hiyo ni hatari. Mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo huruhusiwa kufanya kazi kwa saa 20 pekee kwa juma wakati wa muhula, na kuvuka mpaka huo ni kuvunja masharti ya viza. Mshahara wa saa hizo waweza kusaidia chakula na nauli, si kulipa karo na kodi kwa pamoja. Vilevile, tangu Januari 2024, wanafunzi wapya wa shahada za uzamili zinazofundishwa darasani hawaruhusiwi kuandamana na wenza au watoto wao. Mzazi anayekwenda kusoma hulazimika kuendesha nyumba mbili kutoka mfuko mmoja.

Anwani ya chumba nayo ina faida zake. Benki huitaka kabla ya kufungua akaunti, na zahanati humsajili mgonjwa kulingana na mtaa anaoishi. Nyumba ambayo wakazi wake wote ni wanafunzi wa muda wote husamehewa kodi ya baraza la mji, lakini akihamia mtu mmoja asiye mwanafunzi, nyumba yaweza kuanza kudaiwa. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba Mkenya anayeishi huko kihalali, akiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, anaweza kujiandikisha kama mpiga kura.

Jiko, darasa na giza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika bweni la Uingereza, jembe hukabidhiwa siku ya kwanza. Hakuna mpishi wala kengele ya chakula, ila katika mabweni machache yanayotoa mlo. Kila mtu ana kabati na rafu yake ya friji, na ugomvi mwingi huanzia kwenye sufuria isiyooshwa au maziwa yaliyonywewa na asiye mwenyewe. Mafuta yakifuka moshi, king'ora cha moto hulia na jengo zima hutoka nje, hata usiku wa manane.

Lakini jiko hilohilo ndilo baraza la kujuana. Mwenye kupika chapati na kumkaribisha jirani kutoka China au India hupata rafiki upesi kuliko anayebeba sahani hadi chumbani na kufunga mlango. Katika soko la Kirkgate jijini Leeds, ambako Michael Marks alianzisha mwaka wa 1884 kibanda kilichozaa kampuni ya Marks & Spencer, wachuuzi huuza vyakula vya Afrika, Asia na Karibea. Si rahisi kupata sukumawiki kama ya Wakulima, lakini ugali haukosekani.

Darasani, mgeni hukuta desturi nyingine. Wahadhiri huitwa kwa majina yao ya kwanza, jambo linalowatatiza waliofunzwa kumwita mwalimu kwa cheo. Saa za mihadhara huwa chache na saa za kujisomea ni nyingi. Katika semina, kunyamaza hakuchukuliwi kuwa heshima, bali huweza kueleweka kama kutojitayarisha. Kunakili maandishi ya mwingine bila kumtaja ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu chuoni.

Kisha hufika majira ya baridi. Katikati ya Desemba, jua la Leeds huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hulingana mwaka mzima, huweza kuhisi uchovu na huzuni asijue chanzo chake. Wakati wa Krismasi, wenyeji huenda makwao na majengo hubaki kimya. Mnamo Desemba 25, treni hazisafiri na mabasi mengi hulala. Asiyejiandaa kwa chakula na wenzake wa kukaa nao huiona siku hiyo kuwa ndefu kupita zote.

Walikotoka waliotangulia

Hali ya leo, licha ya ugumu wake, haifanani na ile ya kizazi cha kwanza. Kabla ya mwaka wa 1968, mwenye nyumba Uingereza aliweza kumnyima Mwafrika chumba kwa sababu ya rangi yake bila kuvunja sheria. Sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi, ya mwaka wa 1965, haikugusa nyumba. Ile ya 1968 ndiyo iliyoharamisha ubaguzi huo.

Kwa sababu ya kufungiwa milango, wanafunzi kutoka Afrika Magharibi, wakiongozwa na wakili Ladipo Solanke wa Nigeria, walifungua hosteli yao mtaani Camden, London, mwaka wa 1933. Hosteli hiyo ilikuwa kitanda, jiko na ukumbi wa siasa kwa pamoja. Waliolala humo walijifunza kwamba makao yakikosekana, masomo nayo hulegea.

Siku hizi msaada upo, mradi mtu autafute. Vyuo vina ofisi za wanafunzi wa kigeni, washauri nasaha na mwalimu mlezi kwa kila mwanafunzi. Vyama vya wanafunzi huwa na washauri wanaosoma mkataba bila malipo kabla haujatiwa saini. Jijini Leeds, shirika la hisani la Unipol hushughulikia makazi ya wanafunzi. Kuna pia makanisa, misikiti na vyama vya Waafrika ambako mgeni huweza kusikia Kiswahili.

Tatizo ni kwamba wengi huomba msaada baada ya kutia saini, au baada ya deni kukua. Familia inayojiandaa kwa safari ya Septemba yafaa iulize maswali machache mapema: mkataba ni wa majuma mangapi, kodi imejumuisha nini, nani atakuwa mdhamini, na nini kitatokea mwanafunzi akitaka kuondoka kabla ya wakati. Majibu yawe kwa maandishi. Barua pepe moja kwa ofisi ya makazi ya chuo, ikitumwa kutoka Nairobi au Mombasa kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, haigharimu chochote.