Mkunga wa Lokitaung Atatoka Wapi?

Mkoloni alipotaka kuwatia Jomo Kenyatta na wenzake mahali ambapo sauti zao zisingesikika, baada ya hukumu ya Kapenguria ya Aprili 1953, aliichagua Lokitaung. Aliichagua kwa sababu moja tu: umbali. Magereza yalikuwa mengi nchini, lakini lililozungukwa na jua na mawe kiasi hicho halikuwapo. Umbali ule ule uliomfaa mkoloni ndio unaomkabili hadi leo mama wa Turkana Kaskazini anaposhikwa na uchungu usiku, ilhali mumewe yuko malishoni na laga imejaa maji.

Msomaji anayetaka ushahidi wa jambo hili asianze na takwimu. Aanze na majina. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa huko kaskazini, aliwahi kulifundisha darasa zima somo ambalo mimi mwalimu sikulipanga. Erot, alisema, ni njia. Huenda mwenye jina hilo alizaliwa safarini. Ekidor ni lango la boma. Ewoi ni mgunga, yule mti wa kivuli. Ekiru na Nakiru wamepewa jina la mvua. Majina hurithiwa, kwa hiyo si kila Erot aliyezaliwa njiani. Lakini lugha haitungi jina kwa jambo lisilotokea. Waturuki, Waingereza na wengineo wana madaftari ya vizazi. Waturkana wameandika mahali pa kuzaliwa katika mwito wa mtu. (Herufi moja tu inamtenganisha mgunga na mkunga. Wanaisimu tunajua kwamba mfanano huo hauthibitishi asili moja, lakini mtu hazuiwi kutabasamu.)

Serikali haijakaa kimya. Juni 1, 2013 ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Ukafuata mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 shughuli hiyo imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Matunda yapo: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha watoto 61 katika kila 100 wakizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa 2022 ukaonyesha 82. Turkana, hata hivyo, ilisalia miongoni mwa kaunti zilizo mkiani. Neno "bure" huondoa bei ya kitanda, haliondoi kilomita. Lokitaung penyewe pana hospitali, lakini boma la wafugaji halikai Lokitaung. Linafuata nyasi.

Ndiyo maana bikizee wa boma angali kazini. Yeye huja anapoitwa, humwacha mama apige magoti au achuchumae apendavyo, na huzungumza naye kwa lugha yake. Neno letu mkunga limekaa karibu na kunga, yaani siri na mafunzo ya faraghani, na bikizee huyo anastahili heshima ya neno hilo. Lakini sitaki kumpamba kupita kiasi, kama wafanyavyo baadhi ya wasomi wenzangu ambao wake zao hujifungulia Nairobi. Damu ikianza kumwagika baada ya kondo kutoka, kunga zake hazitoshi. Inahitajika dawa, na oksitosini yataka kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ni nani mwenye jokofu chini ya mgunga?

Dunia nayo imeyumba. Mkutano wa Nairobi wa 1987 ulizindua kampeni ya uzazi salama. Mwaka 1992 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakahimiza wakunga wa jadi wafunzwe. Kufikia 2004 yalikuwa yamegeuka na kusisitiza mhudumu stadi peke yake. Hapa kwetu bikizee akaambiwa kazi yake ni kumsindikiza mama hospitalini. Hoja ilikuwa njema. Kosa ni kwamba tulimnyang'anya wembe kabla hatujamleta wa kushika nafasi yake.

Huyo wa kushika nafasi atatoka wapi? Chuo cha Mafunzo ya Utabibu kina tawi Lodwar, lakini kwa kawaida stashahada ya uuguzi hudai alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne, na masomo yote ni kwa Kiingereza. Matokeo yake, aghalabu mhudumu hutoka kwingine. Katika zahanati moja ambayo sitaitaja, nilimsikia mfagiaji akitafsiri baina ya muuguzi na mwanamke aliyekuwa karibu kujifungua. Muuguzi alisema maneno mengi. Mfagiaji akasema mawili. Sijui yapi yaliangukia sakafuni.

Jirani zetu Waethiopia, ambao mpaka wao hauko mbali na Lokitaung, walianza mwaka 2003 kuwachagua wasichana katika vijiji vyao wenyewe, wakawafunza mwaka mmoja, wakawarudisha huko huko kwa mshahara. Hao hawakuwa wakunga kamili, lakini walionyesha kwamba mlango waweza kuwa mpana. Sisi twaweza kuwafunza mabinti wa mabomani kwa awamu, istilahi zikianza kwa Kiturkana, hadi wafikie ukunga kamili. Kisha tuwape tembe za misoprostoli, ambazo hazidai jokofu, simu ya kuita gari, na idhini ya kumfuata mama alipo.

Mwanafunzi wangu ana mdogo wake aliyetamani kazi hiyo. Alama zake zilikuwa C ya kutoa, akarudi nyumbani kuchunga mbuzi. Mwaka jana alimzalisha mama yake mdogo kwa mwanga wa tochi ya simu. Mtoto ni wa kike, wamemwita Nakiru.